Sabuni ya Karafuu: Tupime Kwanza, Ndipo Tukuze

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu uliopita, hoja iliyochukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa ya sabuni. Wenzetu kadhaa walisimama wakataka Jumuiya itoe fedha za akiba, na zisipotosha ikope, inunue mitambo ya kutengeneza sabuni na losheni ya karafuu kilo 500 kwa siku. Wengine wakajibu kwamba akiba ile ni ya msimu mbaya, nayo isiguswe hata senti moja. Maneno yalikuwa makali kidogo. Mwisho Mwenyekiti aliahirisha shauri mpaka mkutano ujao, akatutaka sisi wa ofisini tuandike katika gazeti hili yale tuyajuayo, ili kila mwanachama apige kura akiwa anajua anachokipigia.

Basi twaandika, na ili tusimzungushe msomaji, rai yetu twaitoa hapa mwanzo. Kazi ya sabuni ni nzuri na yatufaa. Lakini mitambo ya kilo 500 isinunuliwe mwaka huu. Kwanza tujifunze kutengeneza kilo 10 sawasawa, kisha kilo 50, kisha tukae tena tuzungumze.

Kwa nini twasema kazi hii yatufaa? Kila mwenye shamba anajua kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Huja msimu mkubwa, watu wakachuma mpaka wakachoka, kisha hufuata mwaka wa kulegea, na nyumba nyingi zikaanza kukopa. Mche wa sabuni huuzwa kila wiki, msimu uwepo usiwepo. Minazi tunayo, na mafuta ya nazi ni katika mafuta bora ya kutengenezea sabuni duniani. Makonyo nayo, ambayo bei yake ni ndogo mbele ya karafuu yenyewe, hutoa mafuta yakipitishwa mvuke, na kazi hiyo ni ya miaka mingi hapa kisiwani. Akina mama wa pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na kwengineko, wamekwisha kutuonyesha njia: mwani waliokuwa wakiuuza mkavu kwa bei ndogo wameufanya sabuni, na mgeni anainunua na kwenda nayo kwao. Kwa hiyo hatusemi pamoja na wale wanaotaka akiba ilale tu. Fedha iliyolala haimsaidii mtu.

Sasa twataka kueleza khasara tuliyoipata, maana wengine wameisikia barazani kwa namna mbali mbali, na bora isikike kwetu wenyewe.

Wakati wa vuli iliyopita, kikundi cha akina mama wa Jumuiya kilikuwa kimekwisha kutengeneza sabuni ya karafuu mara nyingi kwa kilo 2 za mafuta ya nazi, na kila mara ikatoka vizuri. Sisi wa ofisini tukaona mambo ni mepesi. Tukaidhinisha mpiko mmoja wa kilo 60, tukidhani kwamba kazi ni kuzidisha kila kitu mara 30 na kutafuta pipa kubwa. Bibi mmoja wa kikundi alituambia tupite kwanza kwenye kilo 10. Hatukumsikiliza. Asubuhi ile kostiki ilitiwa majini na kutumiwa ingali moto, mafuta ya karafuu yakamiminwa yote kwa pamoja, na kabla ndoo ya tatu haijajaa, sabuni ilikaza ndani ya pipa hata mwiko ukasimama wenyewe kama nguzo. Tulipoikata siku ya pili tukakuta mahali pengine pana mafuta matupu na pengine pana kostiki iliyokaa kama chumvi. Sabuni ile haikufaa kuogea wala kufulia, ikazikwa. Kosa lilikuwa letu sisi, si la akina mama, na twaomba lihesabiwe hivyo.

Tangu siku ile tumesoma, tumeuliza wajuzi, na tumejaribu tena kwa kiasi kidogo. Yale tuliyoyapata ni haya.

Jambo la kwanza ni joto. Kostiki ikiingia majini hutoa joto kali. Katika bakuli dogo joto hilo hutoka upesi. Lakini kilo 17 za kostiki zikitiwa kwa mara moja katika lita 35 za maji, maji yale yaweza kuchemka na kuruka, na tone moja jichoni lapofusha. Chombo kikiwa kikubwa mara mbili kwa urefu, kwa upana na kwa kina, hubeba mara nane, lakini ngozi yake ya kutolea joto imeongezeka mara nne tu. Mkulima wa karafuu hahitaji kwenda skuli kuambiwa haya. Karafuu mbichi ukizitandaza jamvini hupoa, na ukizilundika guniani usiku kucha, asubuhi ukitia mkono unakuta moto, na karafuu zimeharibika. Sabuni ni vivyo hivyo. Kwa hiyo kwenye kazi kubwa kostiki hutiwa majini kidogo kidogo, siku moja kabla, mahali penye hewa, ikaachwa ipoe. Na daima ni kostiki kuingia katika maji. Asiwepo mtu wa kumwagia maji juu ya kostiki.

Jambo la pili ni karafuu yenyewe. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kitu kiitwacho eugenoli, ambacho ndicho chenye harufu na ukali ule tuujuao. Eugenoli ikikutana na kostiki huharakisha kukaza kwa sabuni. Katika kilo 2 mtu huwahi kumimina. Katika kilo 60 hawahi, maana kumimina peke yake kwataka nusu saa. Tena eugenoli huigeuza sabuni rangi ya kahawia kadiri siku zinavyopita, basi asije mtu akamwahidi mnunuzi sabuni nyeupe ya karafuu.

Viwanda vikubwa vimelikwepa jambo hili kwa njia iliyo nyepesi kuifahamu. Havitii manukato ndani ya chungu chenye kostiki. Kwanza hupika sabuni tupu mpaka kostiki yote imekwisha kazi yake, wakaikata vipande vyembamba na kuikausha. Baadaye hutia manukato juu ya vipande hivyo, wakavichanganya na kuvipitisha katika mashine ya magurudumu yanayosaga, kisha katika mashine nyengine inayosukuma kama ile ya kusagia nyama, ikatoka mche mrefu unaokatwa na kupigwa muhuri. Kwa njia hii manukato hayaungui na hayakazi sabuni, na yale yaliyotiwa ndiyo yanayobaki. Twaona hii ndiyo njia itakayotufaa siku tutakapofika kwenye wingi, na sisi twaweza kuianza leo kwa sufuria ya kupikia, kikwaruzo na mashine ndogo ya kusukuma kwa mkono.

Jambo la tatu ni mizani. Wazee wetu walipima karafuu kwa pishi, na kila mmoja anajua jinsi pishi ya mnunuzi ilivyokuwa pana na pishi ya muuzaji ilivyokuwa nyembamba. Tangu mizani ilipoingia tumejifunza kuikodolea macho kituoni. Mbona basi tunataka kutengeneza sabuni kwa vikombe na vijiko? Kilo 100 za mafuta ya nazi huhitaji kilo 18 na gramu 300 hivi za kostiki ili yote yageuke sabuni. Mtengenezaji mwenye hadhari hupunguza sehemu 5 katika 100, akatia kilo 17 na gramu 400, ili yabaki mafuta kidogo na kostiki isibaki hata chembe. Tazameni basi: kosa la gramu 900 tu limekula hadhari yote. Na katika kilo 1 ya mafuta, hadhari yote ni gramu 9, yaani haifiki kijiko kikubwa kimoja.

Tena mafuta haya si sawa na yale. Kilo 100 za mawese zahitaji kilo 14 hivi tu za kostiki. Mtu akikosa nazi sokoni, akatia mawese mahali pake na asibadili kostiki, atakuwa amebakisha kilo 3 na zaidi za kostiki ndani ya sabuni ambayo mama ataipaka mwilini mwa mtoto wake. Hili si jambo la kubahatisha. Na ijulikane kwamba sabuni ya nazi tupu hukausha ngozi. Kwa sabuni ya kuogea yafaa kuchanganya na mafuta mengine, au kuacha mafuta ya ziada mengi kuliko zile sehemu 5, na kila mchanganyiko uandikiwe hesabu yake.

Jambo la nne ni vyombo. Sufuria zetu nyingi za nyumbani ni za aluminiamu, na kostiki huila aluminiamu, ikatoa hewa inayoweza kushika moto. Basi chombo cha sabuni na kiwe cha chuma kisichoshika kutu, au cha plastiki ngumu kwa ile kostiki iliyokwisha kupoa. Mafuta ya karafuu nayo yana tabia zake. Yakikaa ndani ya chuma cha kawaida hubadilika rangi na kuwa meusi, na baadhi ya plastiki huzila. Yahifadhiwe katika chupa za kioo cheusi, mahali pa kivuli. Pia yakichanganyika na maji hukaa chini, maana ni mazito kuliko maji, na wengi hushangaa kwa hilo kwa kuwa wamezoea mafuta yanayoelea.

Sasa tuje kwenye losheni, ambayo wenzetu vijana wanaipenda zaidi kwa sababu bei yake ni nzuri. Twawaambia kwa upole kwamba losheni ndiyo kazi ya mwisho, wala haiwezi kuwa ya kwanza. Sabuni ni kali kwa vijidudu, lakini losheni ni maji na mafuta yaliyoshikamanishwa, na penye maji vijidudu huzaa. Chupa yaweza kutoka nzuri, na baada ya mwezi mmoja ikawa imeoza ndani bila mtu kuona. Kuitengeneza kwa wingi kwataka maji yaliyosafishwa, maana maji ya kisima chenye chumvi hayafai. Maji na mafuta hupashwa moto kila kimoja peke yake mpaka nyuzi 70 au 75, yakachanganywa kwa mashine yenye mzunguko mkali, kisha yakapozwa polepole huku yakikorogwa. Manukato, na dawa nyingi za kuzuia kuoza, hutiwa joto likishuka chini ya nyuzi 45 hivi. Lita 2 hupoa mtu akimaliza kikombe cha chai. Lita 200 zaweza kuchukua saa nyingi, na anayechoka akatia manukato mapema ameyapoteza hewani. Hapa panahitajika mtu aliyesomea na chumba cha kupimia vijidudu, na sisi bado hatuna kimoja wala cha pili.

Kati ya sabuni na losheni ipo njia ya katikati, nayo ni mafuta ya kujipaka yasiyo na maji: mafuta ya nazi na nta ya nyuki. Pasipo maji vijidudu havina pa kuzaa upesi. Ila mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24, kwa hiyo kopo lililoganda vizuri wakati wa kusi litakuwa maji matupu wakati wa kaskazi. Kipimo cha nta kipimwe siku za joto, wala tusidanganywe na baridi ya Julai.

Kwa vipodozi vyote viwili, kiasi cha karafuu kiwe kidogo. Tumezoea karafuu, twaitia katika chai na kwenye jino linalouma, tukadhani kila ngozi itaipokea. Sivyo. Eugenoli huwasha ngozi za watu wengine, na aliyekwisha kudhurika nayo mara moja huweza kudhurika kila aigusapo. Sisi twapendekeza tusipite kilo 1 ya mafuta ya karafuu kwa kilo 100 za sabuni, na kwa mafuta ya kujipaka tusipite robo kilo kwa kilo 100. Wenye ndoto za kuuza Ulaya wajue kwamba nchi za Umoja wa Ulaya zinataka jina la eugenoli liandikwe kwenye lebo ikipita sehemu 1 katika 10,000 kwa kitu kinachooshwa, na sehemu 1 katika 100,000 kwa kinachobaki mwilini. Hapa kwetu pia ipo Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2006, na Wakala wa Chakula na Dawa wa Zanzibar ndio wanaoangalia vipodozi. Twende kwao mwanzoni tukiwa wageni wenye kuuliza, tusingoje kuitwa.

Jambo la mwisho, nalo kwetu ndilo kubwa kuliko mitambo yote, ni daftari. Mwaka 2007 Shirika la Viwango la Kimataifa lilitoa mwongozo wa utengenezaji bora wa vipodozi, nambari 22716. Sehemu kubwa ya maneno yake ni mambo ambayo hata mwenye duka dogo huyafahamu: andika ulichofanya, safisha chombo, tenga kibovu na kizuri, mjue aliyekuuzia. Kila mpiko upewe nambari. Paandikwe siku, jina la aliyepima na la aliyehakikisha, uzito wa kila kitu, joto, na yaliyotokea. Nambari hiyo ipigwe kwenye karatasi ya sabuni. Kipande kimoja cha kila mpiko kiwekwe kabatini mwaka mzima. Siku mnunuzi wa Chake Chake atakapokuja na malalamiko, hatutaanza kuapa na kubishana. Tutafungua daftari, tutatoa kipande, na tutajua kama kosa ni la mafuta, la mizani au la mtu.

Wapo watakaosema kwamba ofisi imeogopa kwa kuwa imeungua mara moja. Twakubali kwamba tumeungua. Watasema soko halitungoji, na wengine watatutangulia. Huenda. Lakini anayetangulia na sabuni inayochubua ngozi hufunga mlango kwa wote wanaomfuata, maana mnunuzi hatakumbuka jina la kikundi, atakumbuka neno karafuu. Jina hilo limejengwa na babu zetu kwa kuanika karafuu kavu na safi, hatuna ruhusa ya kulichezea kwa pupa ya msimu mmoja. Na fedha za akiba ni za wajane na mayatima walio katika orodha yetu kama zilivyo za wenye mashamba makubwa. Mitambo ya kilo 500 ikisimama, mkopo hautasimama.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mapendekezo haya, yapigiwe kura moja moja.

Kwanza, sehemu ndogo ya akiba itolewe kwa kununua mizani mbili, moja ya gramu na moja ya kilo, vipima joto, miwani na glavu, karatasi za kupimia ukali wa sabuni, na chombo kimoja cha chuma kisichoshika kutu cha lita 100 chenye bomba chini, ili kumimina kusiwe kwa ndoo.

Pili, iundwe kamati ya watu watano, na watatu kati yao wawe katika akina mama wa kikundi cha sabuni, na yule bibi aliyetuonya awe mmoja wao akikubali. Wao ndio wenye mikono inayoijua kazi, na mwaka jana tuliwafanya wapishi tu bila kuwapa sauti.

Tatu, kamati ifanye mipiko ya kilo 10 mpaka ipate 20 mfululizo isiyo na kosa, ndipo ipande kilo 50. Ikikosea mmoja, hesabu ianze upya. Sabuni ikae rafuni wiki nne hadi sita kabla ya kuuzwa, na daftari lisomwe katika kila mkutano kama lisomwavyo daftari la fedha.

Nne, watu wawili wapelekwe kujifunza, ikiwa ni kwa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo kule Bara ambalo limefanya kazi hiyo tangu 1973, au kwa mjuzi mwengine atakayepatikana karibu.

Tano, shauri la mitambo mikubwa lirudi mkutanoni baada ya mipiko 20 ya kilo 50, pamoja na hesabu ya kilichouzwa, kilichobaki na kilichotupwa. Siku hiyo tutajua uzito wa chombo tunachokihitaji, na hata mwenye benki atatuheshimu zaidi tukimfikia na daftari mkononi.

Hatudai kwamba tumemaliza maneno. Mwanachama mwenye rai nyengine na aiandike, nasi tutaichapa ikiwa ya kutuunga mkono au ya kutupinga. Tunachoomba ni kwamba yule atakayenyosha mkono kwa ajili ya mitambo ya kilo 500 apite kwanza ofisini. Tumekihifadhi kipande kimoja cha sabuni ile ya vuli, kipo juu ya kabati karibu na dirisha. Akitazame, akipime kwa karatasi, kisha anyoshe mkono wake apendavyo.

Tukutane mkutanoni, Inshallah.

Katibu